Soin hadi Minneapolis: Saa Zinapotelea Wapi?

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani, ni takriban kilomita 13,150 kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Ndege kubwa ya abiria ikishapaa hukata kilomita 900 hivi kwa saa. Ukigawanya unapata saa kumi na nne na nusu. Programu za simu hufanya hesabu hiyo kufumba na kufumbua, na ukitaka zitakupa pia muda wa kuruka kutoka Kisumu hadi Minneapolis, ingawa hakuna ndege hata moja inayofanya safari hiyo.

Hesabu yenyewe haina kosa, ila hakuna mtu anayeishi uwanjani. Msafiri tunayemzungumzia anatoka Kapsorok, Soliat au Kaplelartet, pande za Soin katika kaunti ya Kericho, huku chini kwenye joto na miwa, ambako majani ya chai ya Kericho yanaonekana juu mlimani tu. Anakwenda Minnesota kwa sababu huko kuna jamii kubwa ya Wakenya, na pengine kaka au shangazi alishatangulia. Kwake safari hiyo ni ya saa 36 hivi, mambo yakienda sawa. Yaani zaidi ya saa 20 zimeongezeka juu ya zile za programu. Zimepotelea wapi? Na katika hizo, zipi zinaweza kurudishwa?

Mstari na njia

Tuanze na umbali wenyewe, maana ramani bapa ya ukutani imewapotosha wengi. Mtu akiitazama huona kwamba njia ya kwenda Marekani ni kushika magharibi moja kwa moja, uvuke Kongo kisha Atlantiki. Lakini dunia ni mviringo. Shika uzi, uunyooshe juu ya tufe kutoka Nairobi hadi Minneapolis, nao utaelekea kaskazini-magharibi: Sudan Kusini, Darfur, mpaka wa Libya na Algeria, pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, ndipo Atlantiki na mashariki mwa Kanada.

Kwa mtu wa Soin uzi huo una jambo la kushangaza. Unapoondoka Nairobi unaanza kwa kuelekea Bonde la Ufa, upande uleule alikotoka. Kwa kipimo cha hewani, Soin iko karibu zaidi na Minneapolis kuliko uwanja wa Jomo Kenyatta kwa zaidi ya kilomita 200. Msafiri anateremka kusini-mashariki siku nzima kwa barabara ili apande ndege itakayomrudisha usiku upande wa kwao. Saa za kwanza za safari yake, basi, ni saa za kujiongezea umbali.

Uzi huohuo unaeleza kwa nini kituo cha kubadilishia ndege ni jambo la kuchagua kwa makini. Kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na Minneapolis, lazima uunganishe mahali. Kupitia Amsterdam, jumla ya kilomita ni kama 13,360: umeongeza 200 na kidogo tu, maana kwenye safari ndefu namna hii kuchepuka katikati hakugharimu sana. Ukienda New York kupitia Doha mambo ni mengine. Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840 hivi. Kupitia Doha zinakuwa karibu 14,100, kwa sababu umeanza kwa kuipa Marekani kisogo. Tikiti ya Ghuba inaweza kuwa nafuu, na wengi huichagua kwa sababu hiyo. Ila anayeinunua ajue kwamba shilingi alizookoa amezilipia kwa kilomita zaidi ya 2,000 na saa za kukaa kitini.

Kwa nini ndege haifuati hesabu

Tuichukue safari moja inayojulikana. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege aina ya Boeing 787. Kilomita 11,840 kwa mwendo wa 900 ni saa kumi na tatu na dakika chache. Ratiba, hata hivyo, ilipangwa kwa saa 15 hivi kwenda na kama saa 14 kurudi. Tofauti hiyo ina sababu zake.

Ya kwanza ni muda wa chini. Saa ya safari huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa upande wa pili. Katikati kuna foleni ya kuruka, kupanda taratibu hadi juu, kushuka, na pengine kuzunguka juu ya mji ikingoja zamu ya kutua.

Ya pili ni upepo. Juu kabisa, katika nchi za kaskazini, kuna mikondo mikali ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani hupambana nao, anayerudi husukumwa. Ndiyo maana kurudi nyumbani ni kufupi kwa saa nzima, ingawa kilomita ni zilezile.

Ya tatu ni urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu. Hewa nyepesi inayowakomaza wanariadha wetu mapafu ndiyo hiyohiyo inayozinyima mbawa nguvu ya kuinua mzigo. Ndege iliyojaza mafuta ya saa 15 inahitaji barabara ndefu na hewa ya baridi ili ipae salama, na hewa ya usiku ina baridi kuliko ya mchana. Pengine, ili itoshe, huacha mizigo fulani au viti fulani. Sababu hii haiongezi dakika nyingi angani, lakini ni mojawapo ya mambo yanayofanya ndege za masafa marefu zisiwe rahisi kuanzishwa hapa.

Ya nne ni anga iliyofungwa. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege za Nairobi kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka. Miji iko palepale, kilomita za ramani hazijabadilika, ila njia imerefuka. Wakulima wa chai wanalifahamu jambo hili kwa upande wa baharini. Chai ya Kericho na Bomet huteremka kwa malori hadi Mombasa, hupigwa mnada huko, kisha hupakiwa melini. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozidi, meli nyingi za kwenda Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikaongezeka kwa wiki moja hadi mbili. Chai huvumilia kwa sababu imekaushwa na haiozi njiani. Binadamu mwenye tarehe ya kufungua chuo hana uvumilivu huo.

Ukijumlisha yote manne, ndege inaongeza saa moja au mbili juu ya hesabu ya programu. Tunazotafuta ni zaidi ya 20.

Anga ilikwisha kufupishwa zamani

Historia inasaidia kuona kwamba tatizo halipo angani. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya kuja Afrika Mashariki, na ndege zake zikawa zinatua majini Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria. London hadi Kisumu ilikuwa safari ya wiki nzima hivi, kwa kuruka mchana na kulala njiani. Kuanzia 1937 ndege kubwa zaidi za majini zilipita hapo zikielekea Durban. Katika miaka hiyo, mlango wa dunia kwa watu wa nyanda hizi ulikuwa Kisumu, mahali ambapo mtu wa Soin angeweza kufika hata kwa miguu, ingawa si yeye aliyejengewa mlango huo.

Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda New York kwa ndege ya kukodi iliyotafutwa na Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Ndege za siku hizo hazikuwa na uwezo wa kufika bila kutua njiani kujaza mafuta. Mwaka uliofuata East African Airways ilipokea ndege zake za kwanza za jeti, aina ya Comet 4, zilizokwenda kama kilomita 800 kwa saa. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho alipokwenda Tokyo mwaka 1964, akaleta nishani ya shaba ya mita 800, ya kwanza kwa Kenya katika Olimpiki, dunia ilikuwa imeshaingia katika enzi ya jeti.

Toka 800 ya Comet hadi 900 ya leo si hatua kubwa kwa miaka zaidi ya 60. Concorde, iliyopita kasi ya sauti, ilibeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003, kisha ikastaafishwa bila mrithi. Faida kubwa iliyopatikana tangu hapo haikuwa mwendo. Ilitokana na kuondoa vituo vya katikati: ndege ya leo hubeba mafuta ya kutosha kuvuka bila kutua. Kwa hiyo mtu asitarajie teknolojia mpya imtoe Soin hadi Minneapolis kwa nusu ya muda. Saa zilizobaki kupunguzwa ziko ardhini.

Hesabu ya saa 36

Tuzipange sasa. Msafiri anaondoka Soin Jumamosi adhuhuri. Barabarani hadi Nairobi anatumia saa 7. Uwanjani anakaa saa 5, kwa sababu hakuthubutu kukata muda kwa kuogopa msongamano. Ndege ya kwanza hadi Amsterdam ni saa nane na nusu, na ya pili hadi Minneapolis ni karibu hivyohivyo: jumla saa 17 angani. Katikati, Amsterdam, anangoja saa 5. Mwisho kuna saa 2 za uhamiaji, mizigo na gari la kumfikisha mlangoni. Saba, tano, tano na mbili ni 19. Nusu ya safari, na zaidi kidogo, ameifanya akiwa ardhini, ama amekaa kwenye gari au amekaa akingoja.

Kipande cha barabara ndicho kirefu, na ndicho cha hatari. Kutoka Soin unapanda hadi mjini Kericho, unapita katikati ya mashamba ya chai, Londiani, Mau Summit, Salgaa, Nakuru, halafu Naivasha na Rironi hadi Nairobi. Ni kama kilomita 300. Mvua, lori moja lililokwama mlimani, au wikendi ya sikukuu, na saa 7 zinakuwa 10. Na tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani na kuwaua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara. Anayeogopa kuvuka Atlantiki usiku angefanya vyema kuhamishia hofu yake hapa. Kawia ufike, wanasema wahenga, na msafiri mwenye busara hulala Nairobi usiku mmoja kabla. Akifanya hivyo, safari ya saa 36 imekuwa ya siku mbili na zaidi.

Ipo njia nyingine, nayo imepuuzwa. Kipsitet, kwenye barabara kuu ya Kericho na Kisumu, iko kama kilomita 50 tu kutoka Kisumu kupitia Ahero. Uwanja wa Kisumu ulipanuliwa na kufunguliwa kama uwanja wa kimataifa mwaka 2012. Kuna ndege kadhaa kwa siku hadi Jomo Kenyatta, na angani ni chini ya saa moja. Mtu wa Soin anaweza kuondoka nyumbani saa tisa au saa kumi alasiri, akapanda ndege ya jioni, akawa Nairobi kabla ya saa tatu usiku, muda wa kutosha kuwahi ndege ya usiku wa manane. Saa tatu au nne zimeokolewa, na Londiani na Salgaa zimeepukwa kabisa.

Kwa nini basi wengi hawaifuati? Nauli ni sababu ya kwanza, lakini si ya pekee. Ukinunua tikiti ya Kisumu mbali na ile ya ng'ambo, kila shirika lina mkataba wake na wewe. Ndege ya Kisumu ikichelewa ukaikosa ya Amsterdam, hasara ni yako. Tena ndege ya ndani ina kiwango chake cha mizigo, na masanduku mawili ya ng'ambo, yenye unga wa wimbi na majani ya chai ya jamaa wote, yatalipiwa ziada. Tikiti moja inayoanzia Kisumu hadi mwisho wa safari huyaondoa matatizo hayo mawili: mizigo hupokelewa Kisumu na kuchukuliwa mwisho wa safari, au pale unapoingia Marekani, na ukikosa ndege ya kuunganisha, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Mawakala wengi wa vijijini hawaitaji tikiti hiyo mpaka uwaulize.

Kericho yenyewe ina kiwanja kidogo cha Kerenga kati ya mashamba ya chai, kinachofaa ndege ndogo. Kila mara husikika maombi kwamba kipanuliwe. Kwa mtu wa Soin faida yake ni ndogo, maana Kisumu tayari iko karibu na ina kila kitu. Anayehitaji zaidi uwanja mwingine ni mtu wa Bomet au Sotik, ambaye Kisumu kwake ni mbali kidogo na Nairobi anaifikia kupitia Narok.

Saa ya tikiti na saa ya nyumbani

Kuna saa nyingine zinazopotea bila hata kuondoka nyumbani, nazo hutokana na kusoma tarehe vibaya. Tikiti huandika 00:40 tarehe 15. Nyumbani hiyo ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo mtu anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayeelewa kwamba ni usiku wa tarehe 15 hufika siku nzima baada ya ndege kuondoka. Kosa hili si la wasiosoma tu, maana limewapata hata wenye shahada. Dawa yake ni kumwandikia msafiri siku na saa kwa namna anayoitumia kila siku, si kumtumia picha ya tikiti na kumwachia atafsiri mwenyewe.

Halafu kuna tofauti ya majira. Kenya haibadilishi saa mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele mwezi Machi na kuzirudisha nyuma Novemba. Kwa hiyo Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao na 9 wakati wa baridi. Msafiri anayeondoka Nairobi usiku wa manane wa kuamkia Jumapili hufika huko Jumapili hiyohiyo mchana, akadhani amesafiri nusu siku. Mwili unajua ukweli.

Mahali ambapo hesabu hii huwa nzito ni kwenye kamati ya mazishi. Tuseme mzee amefariki Soin, na mwanawe wa kwanza yuko Minneapolis. Wanakamati wanataka kuzika Ijumaa. Mwana anasema anaweza kupata ndege ya Jumatano saa tisa alasiri. Kwa saa za Kenya, wakati wa kiangazi cha huko, hiyo ni saa tano usiku, Jumatano. Alhamisi saa moja asubuhi yuko Amsterdam. Anangoja hadi adhuhuri na ushei, na Nairobi anatua Alhamisi saa tatu au tatu na nusu usiku. Hapo ama asafiri usiku kucha kupitia Mau Summit akiwa na uchovu wa siku nzima, ama alale, apande ndege ya Kisumu Ijumaa asubuhi, afike nyumbani kabla ya adhuhuri. Akikosa ndege moja tu, anafika Jumamosi. Kamati yenye mtu anayejua kupiga hesabu hii huweka mazishi Jumamosi, wala haitangazi tarehe kwenye redio hadi mwana apige simu kutoka Amsterdam. Isiyo na mtu huyo hutangaza Ijumaa, na jeneza husubiri watu wakinong'ona.

Kilomita zisizoonekana

Tukihesabu muda tangu mtu anapoamua kusafiri hadi anapofika, saa 36 zenyewe ni kidogo. Kuna pasipoti, ambayo sasa mtu wa Soin anaweza kuishughulikia Kisumu au Eldoret badala ya Nairobi. Kuna mahojiano ya viza katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, ambayo huweza kuchukua miezi kupata tarehe. Kila mwito kutoka Gigiri ni safari nyingine ya kilomita 300 kwenda na 300 kurudi. Mtu aliyeitwa mara mbili ameshatembea kilomita 1,200 barabarani kabla ya kuiona ndege. Wanafunzi wa 1959 walifungiwa njia na serikali ya kikoloni na gharama za nauli. Wa leo nauli wanaweza kuchangiwa na harambee, lakini karatasi hazichangiwi.

Kipi kitangulie

Tukiweka yote mezani, mpangilio wa mambo unajitokeza. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Minneapolis ingependeza, lakini kwa mtu wa Soin ingemwokolea hasa zile saa 5 za Amsterdam, na gharama yake ni ya shirika zima na nchi nzima. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit, iliyozungumziwa kupanuliwa kwa miaka mingi, ingeokoa saa mbili au tatu na, la maana zaidi, maisha. Njia iliyo karibu na rahisi kuliko zote ni Kisumu: ndege ya jioni iliyopangwa kwa makusudi iwahi zile za usiku wa manane, na tikiti moja inayouzwa waziwazi kuanzia Kisumu. Hapo hakuna cha kujenga. Kinachohitajika ni mashirika kupanga ratiba, na serikali za kaunti za Kericho na Kisumu kuliulizia jambo hili kwa pamoja, badala ya kila moja kuota uwanja wake.

Kwa familia, kipimo sahihi cha umbali ni muda kutoka mlango hadi mlango, pamoja na saa za akiba za kufidia ajali na ucheleweshaji. Anayepanga kwa saa 36 na kuongeza siku moja hatashangazwa. Anayepanga kwa saa kumi na nne na nusu za programu atajifunza, kwa gharama ya tikiti mpya, kwamba kutangulia si kufika.